Kuipima Dawa Mpya Isije Ikaudhuru Moyo

Halofantrini na lumefantrini ni dawa mbili za malaria zenye ukoo mmoja wa kikemia. Lumefantrini ungali unaikuta leo katika kila duka la dawa, kuanzia Kigoma hadi Lamu, ndani ya vidonge vya mseto vinavyoitwa ALu, ambavyo Tanzania na Kenya zilianza kuvitumia kama tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali mwaka 2006. Halofantrini imetoweka kabatini. Mwaka 1993, watafiti waliokuwa wakitibu wakimbizi mpakani mwa Thailand na Burma walionyesha kwamba dawa hiyo hurefusha muda ambao moyo huutumia kujiweka sawa baada ya kila pigo, na kwamba dozi ikipanda, muda nao unarefuka. Vifo vya ghafla vilikwisha kuripotiwa.

Kwa nini ndugu mmoja alianguka na mwingine akasimama? Vipimo vya maabara vilivyochapishwa mwaka 2004 vinatoa sehemu kubwa ya jibu. Halofantrini iliziba nusu ya mkondo wa potasiamu wa seli za moyo kwa ukolezo wa takriban nanomola 40. Lumefantrini ilihitaji takriban mikromola 8 kufanya kazi hiyohiyo, yaani mara 200 zaidi. Zote mbili zinauziba mkondo. Kinachozitenganisha ni kiasi.

Ndiyo maana nashauri kila anayeingia katika kazi hii, awe fundi wa maabara, muuguzi wa utafiti, mfamasia au mjumbe wa kamati ya maadili, ajizoeze jambo moja: usiikubali namba yoyote ya moyo ambayo haina namba ya dawa pembeni yake. Mengine yote yaliyo humu ni njia za kulitimiza hilo.

Kwanza, tujue tunatafuta nini. Seli ya moyo inapopiga hujaa chaji ya umeme, kisha lazima iitoe kabla ya pigo linalofuata. Kazi hiyo ya kutoa chaji hufanywa hasa na potasiamu inayotoka nje kupitia milango ya protini, na mlango unaotutia wasiwasi kuliko yote ni ule unaojulikana maabara kwa jina la hERG. Uvungu wake ni mpana na una kuta zinazonasa molekuli za kila aina, ndiyo maana dawa za mzio, za tumbo, za akili na za malaria hukutana humo bila kutarajia. Mlango ukizibwa, chaji inachelewa kutoka, na kwenye karatasi ya ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, umbali kutoka mwanzo wa wimbi Q hadi mwisho wa wimbi T unarefuka. Huo ndio muda wa QT. Ukirefuka mno, pigo jipya linaweza kuingia kabla seli hazijawa tayari, na moyo ukaanza mapigo ya kasi ambayo vilele vyake vinajisokota kuzunguka mstari, jinsi daktari Mfaransa François Dessertenne alivyoyaeleza mwaka 1966. Mapigo hayo ya msokoto huweza kukoma yenyewe baada ya sekunde chache, mtu akawa amezimia tu. Yasipokoma, yanaua.

Sasa maabara. Kipimo cha kawaida hutumia seli zilizopandikizwa jeni la hERG ya binadamu. Mrija wa kioo wenye ncha nyembamba kuliko unywele hugandishwa kwenye ukuta wa seli moja, mkondo wa umeme ukasomwa, kisha dawa ikamiminwa kwa ukolezo unaopanda hatua kwa hatua. Matokeo hutolewa kama IC50, yaani ukolezo unaoziba nusu ya mkondo. Inaonekana rahisi, na hapo ndipo watu wanapoteleza.

Fanya kipimo katika joto la mwili, nyuzi 35 hadi 37. Kwa baadhi ya dawa, seli za joto la chumbani hutoa IC50 tofauti kabisa, na mgonjwa wako haishi katika nyuzi 22. Weka kila siku dawa ya kulinganishia ambayo nguvu yake inajulikana, kama vile dofetilidi au sisapridi. Ikitoa jibu lisilo la kawaida, tupa kazi ya siku hiyo yote, hata kama matokeo ya dawa yako yanapendeza. Kiyeyusho kiwe kwa kiwango kilekile katika vikombe vyote, pamoja na kile kisicho na dawa.

Halafu kuna kosa ambalo hata maabara zenye mashine za bei mbaya hulifanya: kuamini kwamba ukolezo ulioandikwa kwenye kikombe ndio uliofika kwenye seli. Dawa nyingi za malaria na kifua kikuu hupenda mafuta na huchukia maji. Zinang'ang'ania mipira na plastiki njiani. Ukimimina mikromola 10, huenda zikafika 3, na wewe ukaandika kwamba dawa ni salama mara tatu zaidi ya ilivyo. Tiba ya kosa hilo ni kuchukua sampuli ya maji pale pale seli ilipo, baada ya kupita mirija yote, na kuyapima. Ripoti yoyote ya hERG isiyoonyesha ukolezo uliopimwa, irudishe kwa mwandishi.

Kuna pia dawa ambazo haziuzibi mlango kabisa lakini huzuia milango mipya isifike kwenye ukuta wa seli. Pentamidini, inayofahamika kwa madaktari wa Kongo na Uganda waliotibu malale, ni mfano wa wazi. Ukiimimina kwenye seli kwa dakika kumi hutaona kitu cha kutisha. Ukiziacha seli zilale nayo usiku kucha, mkondo unapungua kwa ukolezo uleule unaopatikana katika damu ya mgonjwa. Basi dawa yako ikiwa ya kutumiwa kwa siku au wiki nyingi, ongeza kipimo cha usiku mzima. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kuligundua jambo hilo wodini.

IC50 ikishapatikana, isiachwe peke yake. Igawanye kwa ukolezo wa juu kabisa unaotarajiwa katika damu, na hapa kuna mtego. Dawa nyingi hubebwa na protini za damu, na iliyobebwa haigusi moyo. Inayohesabika ni ile iliyo huru. Chukua mfano wa kubuni: IC50 ni nanomola 3,000, kilele katika damu ni nanomola 1,000, na asilimia 95 imeshikwa na protini. Iliyo huru ni 50. Gawanya 3,000 kwa 50 upate 60. Aliyegawanya kwa jumla angepata 3 na pengine angeitupa dawa nzuri. Mwaka 2003 Redfern na wenzake walilinganisha dawa zipatazo 100 na kupendekeza pengo la mara 30 kama mpaka wa muda. Wengi huutumia mpaka huo hadi leo. Mimi nauona kama taa ya njano: chini yake simama uangalie, juu yake endelea lakini usifumbe macho.

Usifumbe macho kwa sababu ya yaliyoipata terfenadini. Dawa hii ya mzio iliuzwa Marekani tangu 1985, na watu waliipenda kwa kuwa haikuwapa usingizi. Inauziba mlango wa hERG kwa nguvu. Lakini kwa mtu wa kawaida ini huigeuza karibu yote kabla haijazunguka mwilini, na kinachobaki katika damu ni feksofenadini, isiyo na tatizo hilo. Kisha mtu anakunywa ketokonazoli kwa ajili ya fangasi, au erithromaisini kwa ajili ya kifua. Dawa hizo hukizuia kimeng'enya cha ini, terfenadini nzima inajaa katika damu, na moyo unavurugika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 iliondolewa sokoni, na feksofenadini ikachukua nafasi yake. Rudi sasa kwenye mfano wetu wa kubuni: ikiwa kuzuiwa kwa ini kunaweza kupandisha dawa mara nne, iliyo huru inakuwa 200, na pengo linashuka kutoka 60 hadi 15. Piga hesabu kwa kilele kibaya kinachoweza kutokea, uache kutegemea kilele cha mtu mwenye afya aliyelala vizuri. Tena yapime na mazao ya dawa ndani ya mwili, maana yanaweza kuwa bora kuliko mama yao, au mabaya zaidi.

Upande wa pili wa shilingi, hERG peke yake imeua dawa nyingi zisizo na hatia. Verapamili huiziba vilivyo, lakini huziba pia mlango wa kalsiamu, na athari hizo mbili husawazishana. Haijulikani kwa kuleta mapigo ya msokoto. Ndiyo sababu mwaka 2013, katika mkutano uliofanyika kwenye FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ulizaliwa mradi wa CiPA, unaopima milango kadhaa kwa pamoja, yaani hERG, sodiamu ya kuchelewa na kalsiamu, kisha kuingiza matokeo katika kielelezo cha kompyuta cha seli ya moyo wa binadamu. Mradi ulichagua dawa 28 zenye hatari inayojulikana, kubwa, ya kati na ndogo, ili kukijaribu kielelezo. Kama una fedha za kipimo kimoja tu cha nyongeza baada ya hERG, chagua cha kalsiamu.

Kuhusu wanyama nitasema machache. Usimtumie panya kwa QT. Moyo wake hupiga mamia kwa dakika na hutegemea milango mingine ya potasiamu, kwa hiyo dawa itakayomuua mtu inaweza kumpita panya bila alama. Mbwa na nyani ndio wanaotumika sana, wakiwa wamepandikizwa kifaa kinachorusha mapigo na presha kwa redio huku wakitembea chumbani mwao. Kila mnyama apate dozi zote kwa zamu, pamoja na ile isiyo na dawa, ili ajilinganishe na nafsi yake. Siku ya kurekodi mapigo asiingie mtu kuchukua damu, kwa kuwa mbwa akimwona tu mhudumu wake moyo unakwenda mbio; sampuli za ukolezo zichukuliwe siku nyingine kwa dozi ileile. Angalia pia joto la mwili: mwili ukipoa QT hurefuka, na utailaumu dawa kwa kosa la baridi.

Tufike kwa binadamu, ambako kazi nyingi ya Afrika Mashariki hufanyika na ambako makosa huwa ya mikono zaidi kuliko ya akili.

Kabla ya dozi ya kwanza, muulize mshiriki maswali ambayo fomu nyingi huyapita haraka. Umewahi kuzimia, hasa ukikimbia au ukishtuliwa? Kuna mtu wa familia aliyekufa ghafla akiwa kijana, au aliyezama majini ilhali alijua kuogelea? Kisha dawa. Ukiuliza "unatumia dawa yoyote?" wengi watajibu hapana, kwa sababu kidonge walichonunua jana dukani bila cheti hawakihesabu kuwa dawa, na mizizi waliyochemshiwa na bibi ndiyo kabisa. Taja moja moja: ya fangasi, ya kifua, ya kutapika, ya malaria, ya usingizi, ya kienyeji. Pima potasiamu na magnesi. Mtu aliyeharisha siku mbili amepoteza potasiamu, na mlango wa hERG huzibika kwa urahisi zaidi potasiamu ikiwa chini. Wanawake usiwaache nje kwa kuogopa matokeo: QT yao baada ya balehe ni ndefu kidogo kuliko ya wanaume, na wao ndio walio wengi miongoni mwa waliopatwa na mapigo ya msokoto. Utafiti wa wanaume vijana peke yao huficha kile hasa unachokitafuta.

Chumba kiwe tulivu, na mshiriki alale chali dakika 10 kabla ya kurekodi. Kwenye unyevunyevu wa pwani vibandiko huteleza, basi futa ngozi kwa spiriti, iache ikauke, nyoa nywele za kifua inapobidi, na weka alama kwa kalamu isiyofutika ili vibandiko virudi palepale mchana na kesho yake. Kiyoyozi kisiwe kikali, kwani anayetetemeka hujaza karatasi mikwaruzo ya misuli. Kwa washiriki wa kike awepo muuguzi wa kike na kanga ya kufunika. Mama aliyekaza mwili kwa aibu hana mapigo ya kupumzika.

Rekodi ECG tatu mfululizo zikitenganishwa na dakika moja au mbili, na uchukue wastani. Sababu ni ya kimahesabu. Karatasi hutembea milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo kijisanduku kidogo kimoja ni milisekunde 40. Athari ambayo wadhibiti wa dawa wanaijali ni milisekunde 10, robo ya kijisanduku. Hakuna jicho linaloweza kuiona hiyo kwenye karatasi moja. Inaonekana tu kwa kurekodi kidijitali, kurudia mara nyingi, na kufanya wastani wa watu wengi.

Mpangilio wa saa ndio moyo wa kazi yote. ECG itangulie, damu ifuate papo hapo. Ukianza na sindano, maumivu yanapandisha mapigo na hesabu inaharibika. Kama ratiba inasema saa nne baada ya dozi, mshiriki awe amelala tangu saa tatu na dakika arobaini baada ya dozi, ECG tatu zikamilike kabla ya saa kutimia, na sindano iingie saa inapotimia. Saa ya ukutani, ya mashine ya ECG na ya simu ya mchukua damu zilinganishwe kila asubuhi. Chakula nacho kiandikwe, kwa sababu kushiba hubadilisha mapigo na QT, na kwa baadhi ya dawa hubadilisha kila kitu. Halofantrini iliyonywewa na mlo wa mafuta ilipanda katika damu mara kadhaa. Lumefantrini pia huhitaji mafuta ili ifyonzwe, ndiyo maana mgonjwa wa ALu huambiwa anywe maziwa au ale kwanza. Basi kipimo cha usalama wake lazima kifanywe mtu akiwa ameshiba. Kwa piperakwini, dawa nyingine ya malaria, ushauri ni kinyume: mafuta huipandisha na kurefusha QT, ndiyo maana maelezo yake ya Ulaya yanataka ipite saa tatu bila chakula kabla na baada ya kila dozi.

Kilele nacho kina mahali pake. Piperakwini hunywewa siku tatu na hujilimbikiza, hivyo ECG ya siku ya kwanza haikuambii kitu. Itafute saa nne hadi sita baada ya dozi ya tatu. Bedakwilini ya kifua kikuu sugu ni ngumu zaidi. Iliidhinishwa Marekani Desemba 2012, na sehemu kubwa ya athari yake kwa QT hutokana na zao lake liitwalo M2, linalopanda polepole kwa wiki nyingi na kubaki mwilini miezi kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Mtafiti anayefunga daftari wiki ya pili amefunga kabla mchezo haujaanza. Tena mgonjwa huyu hatumii bedakwilini peke yake. Katika tiba ya miezi sita ambayo WHO iliipendekeza mwaka 2022, iko pamoja na pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini, na hiyo ya mwisho nayo hurefusha QT. Dawa mpya itakayoongezwa hapo ipimwe ikiwa juu ya hizo zote.

Kusoma. Usiiamini namba ambayo mashine inachapa juu ya karatasi. Wimbi T likiwa bapa au likifuatwa na wimbi U, mashine hubahatisha. Chora mstari unaofuata mteremko mkali wa mwisho wa T, na pale unapokata mstari wa chini ndipo T inapoishia. Tumia njia hiyohiyo, na waya uleule, wa II au V5, kwa kila karatasi. Msomaji asijue nani kapewa nini wala saa ngapi, na karatasi zote za mshiriki mmoja zisomwe na mtu mmoja, kwani tofauti kati ya wasomaji wawili mara nyingi huwa kubwa kuliko athari ya dawa.

Halafu urekebishe kwa kasi ya mapigo, kwa kuwa moyo unaokwenda mbio una QT fupi hata bila dawa. Kanuni mbili maarufu zilitolewa mwaka huohuo, 1920. Bazett aligawanya QT kwa kipeuo cha pili cha muda kati ya mapigo, na Fridericia kwa kipeuo cha tatu. Mashine nyingi bado huchapa ya Bazett. Kwa wagonjwa wa homa ikatae. Tazama hesabu hii ya mgonjwa wa malaria wa kubuni. Siku ya kwanza ana homa, moyo unapiga 100 kwa dakika, QT ni milisekunde 360: Bazett anatoa 465, Fridericia 427. Siku ya tatu homa imeshuka, moyo unapiga 65, QT ni 420: Bazett anatoa 437, Fridericia 431. Kwa Bazett, dawa imefupisha QT kwa 28. Kwa Fridericia imerefusha kwa 4. Karatasi ni zilezile. Bazett huzidisha marekebisho pale mapigo yanapokuwa ya kasi, na kwa njia hiyo anaweza kuifunika dawa mbaya kwa shuka jeupe. Hata Fridericia haondoi tatizo lote, maana kupona malaria kwenyewe, chakula kurudi na homa kuondoka, hubadilisha QT. Ndiyo maana lazima liwepo kundi la kulinganishia linalotibiwa kwa dawa nyingine inayojulikana, likipimwa saa zilezile.

Mwongozo wa kimataifa wa E14, uliotolewa 2005, ulileta utafiti maalumu wa QT kwa watu wazima wenye afya. Wanapewa dawa kwa dozi ya kawaida na dozi iliyozidi, plasebo, na moksifloksasini miligramu 400. Hii ya mwisho hurefusha QT kwa kiasi kidogo kinachojulikana. Utafiti ukishindwa kuiona, hauna haki ya kusema dawa mpya ni salama. Ongezeko la wastani la milisekunde 5 hivi ndilo linaloanza kuzua maswali, na matokeo hutajwa kuwa safi pale ambapo mpaka wa juu wa makadirio uko chini ya 10. Tangu 2015 imekubalika pia kuchora mstari wa uhusiano kati ya ukolezo na QT ukitumia watu wachache wa awamu ya kwanza, ilimradi ECG na damu vilichukuliwa kwa uangalifu. Kwa vituo vyetu hiyo ni nafuu kubwa: havihitaji utafiti wa mamilioni ya dola, vinahitaji muuguzi makini na saa zinazolingana.

Kwa mtu mmoja mmoja mipaka ni mingine. QT iliyorekebishwa ikipita 500, au ikipanda zaidi ya 60 juu ya ile ya kabla ya dawa, simamisha dozi. Rudia ECG, pima potasiamu na magnesi, uijaze potasiamu ikiwa chini ya 4, ondoa dawa nyingine yoyote inayochangia, na mshiriki asirudi nyumbani usiku huo. Mapigo ya msokoto yakizuka, magnesi salfeti gramu 2 kwa mshipa ndiyo ya kwanza kushikwa. Vituo vingi havijui kwamba vinayo: ni ileile inayotunzwa wodi ya wazazi kwa kifafa cha mimba. Waombe kabla ya utafiti kuanza, iwekwe kwenye trei pamoja na mashine ya kushtua moyo iliyochajiwa.

Naona pia kwamba QT imechukua macho ya watu kupita kiasi, kwa sababu tu inapimika. Doksorubisini, dawa ya saratani, haitambuliwi hatari yake kwa QT. Huiua misuli ya moyo taratibu kadiri jumla ya dozi inavyopanda, na madaktari wa saratani walijiwekea mpaka wa takriban miligramu 550 kwa kila mita mraba ya mwili kwa maisha yote. Kwa dawa za aina hiyo unahitaji picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti kabla na baada, na troponini katika damu. Rofekoksibi, dawa ya maumivu iliyoondolewa sokoni Septemba 2004, haikuharibu mstari wa ECG hata kidogo. Iliongeza mashambulizi ya moyo, na ikajulikana kwa sababu watu walifuatiliwa kwa miaka, kundi la dawa na kundi la plasebo, wakihesabiwa.

Kwa hiyo, ukikaa kwenye kamati ya maadili na pendekezo nene likawekwa mbele yako, anza na jedwali la ratiba, uuache utangulizi. Tafuta safu ya ECG na safu ya damu. Kama hazikutani saa moja, kama ECG ya mwisho iko kabla ya dawa kufikia kilele, kama kanuni ya kurekebisha haikutajwa, au kama hakuna aliyeandikwa jina na cheo chake kuwa ndiye wa kupigiwa simu saa nane usiku QT ikipita 500, rudisha pendekezo na uandike ni ukurasa gani.